Maktaba isiyokula kuni

Mtoto anayesoma chini ya manjanja anateseka mara mbili. Mchana joto linamlaza usingizi, na mvua ikianza kupiga hasikii tena sauti ya mwalimu. Kwa hiyo, tunapozungumza katika vikundi vyetu juu ya kuwapatia watoto wa Kamituga nyumba ya vitabu, tusianze kwa kuhesabu vitabu. Tuanze na ukuta na paa.

Jirani zetu wa Burundi wana mfano mzuri. Maktaba ya Muyinga ilimalizika mwaka 2012, na imeungana na mpango wa shule ya watoto viziwi. Wachoraji wake, BC Architects wa Ubelgiji, waliijenga pamoja na watu wa hapo. Matofali hayakuchomwa: udongo wenye unyevu kidogo ulishindiliwa kwa mashine, ukaachwa ukauke. Hakuna tanuru, hakuna mti uliokatwa kwa kuchoma tofali. Nasi tunajua kuni za Kamituga zinatoka mbali kiasi gani, na zinabebwa na mgongo wa nani.

Chumba ni kirefu kwenda juu, na ukutani kuna nafasi nyingi ndogo. Hewa ya moto inapanda na kutoka, ya baridi inaingia. Hawahitaji feni wala jenereta. Ndani wametandaza wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto wanapanda na kulala humo wakisoma. Watoto wetu wakiuona, hawatataka kushuka!

Kule Gando, Burkina Faso, akina mama walileta vyungu vya udongo kwa ajili ya maktaba ya shule. Vilikatwa, vikapangwa kwenye dari, na matundu yake yanaingiza mwanga na kutoa joto. Mchoraji, Francis Kéré, ni mtoto wa kijiji hicho. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote kwa wachoraji wa majengo.

Lakini kwetu mvua ni nyingi, na tofali lisilochomwa linaogopa maji. Msingi lazima uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi, na paa litoke nje sana kama kofia pana. Kama pesa inatosha manjanja tu, wekeni dari ya mbao au matete chini yake, mkiacha nafasi ya hewa katikati. Joto litapungua, na kelele pia.

Na udongo wenyewe? Usichukuliwe kamwe mahali panapooshwa dhahabu, hata kama ni karibu na ni wa bure. Zebaki inabaki humo, na watoto watashika kuta hizo kila siku. Udongo wa mahali safi jazeni nusu ya chupa, ongezeni maji, tikiseni, acheni mpaka kesho: mchanga utakaa chini, udongo laini juu yake. Ukiwa karibu wote ni laini, tofali litapasuka likikauka. Changanyeni na mchanga. Kila kikundi kinaweza kuleta chupa yake kwenye mkutano ujao.