Mwezi Usiochapwa

Ukitazama mwezi katika chapa ya ubao ya msanii wa Japani Utagawa Hiroshige inayoonyesha daraja la Kyobashi, unatazama karatasi tupu. Hakuna rangi iliyogusa pale. Mwanga umepatikana kwa kuzungushiwa giza.

Chapa hiyo ya mwaka 1857 ni mojawapo ya mandhari zaidi ya 100 za mji wa Edo, Tokyo ya leo, alizozibuni Hiroshige kuanzia 1856 hadi alipofariki mwaka 1858. Ametuweka chini, karibu na maji. Daraja la mbao limepita juu yetu na watu wanavuka, mashua ziko mferejini, na ukingoni kuna soko la mianzi, bidhaa imesimamishwa wima kama ukuta.

Hiroshige hakuchonga wala kuchapa. Mchoro wake ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji akakata ubao pamoja na karatasi, mchoro wenyewe ukaangamia. Kisha kila rangi ilichongewa mahali pake, na alama ndogo ukingoni mwa ubao zikaelekeza karatasi ikae palepale kila mara.

Lakini usiku wenyewe aliuumba mchapaji. Hulowesha ubao, hupaka rangi upande mmoja, tena mara nyingi buluu ya Prussia iliyotapakaa Japani tangu miaka ya 1830, kisha huivuta kwa brashi hadi ififie. Ndipo hulaza karatasi na kuisugua mgongoni kwa kisuguo bapa kiitwacho baren. Mfifio huo, bokashi, haukuchongwa popote. Ni mkono tu, na hurudiwa kwa kila nakala. Kwa hiyo mbao zilezile huzaa usiku tofauti: hapa anga nzito, pale nyepesi.

Nami naona ni haki kwamba katika chapa hii mtu wa karakana ametajwa. Taa moja ya karatasi darajani imeandikwa "Hori Take", jina la kazi la mchongaji Yokogawa Takejirō. Mchapaji hana taa yake. Mtafute angani: katika nakala za mwanzo, zilizochapwa kwa subira, buluu hufifia polepole; katika nyingi za baadaye, zilizoharakishwa kwa ajili ya soko, baadhi ya mififio iliachwa kabisa, na anga ikabaki bapa.