Kigoda cha Miguu Mitatu: Somo la Mti Mbichi na Mti Mkavu

Mara nyingi benchi la shule linapoanza kuyumba, mwalimu huongeza misumari. Tuonavyo sisi, dawa hiyo haigusi ugonjwa. Aghalabu viungo hulegea kwa sababu mti uliunganishwa ungali mbichi. Somo la kigoda, lifundishwalo kwa shoka, msumeno, keke na kisu, humwezesha mwanafunzi kuliona jambo hilo kwa macho yake. Miguu iwe mitatu, kwani miguu mitatu hutulia hata juu ya sakafu isiyo sawa.

Hapa Lushoto yafaa kutumia mgrivea uliopandwa mashambani, baada ya kupata ruhusa ya mwenyewe na ya wahusika wa misitu. Miti ya msitu wa Magamba imehifadhiwa, wala isiguswe.

Miguu hutangulia. Gogo la urefu wa sentimita 45 lipasuliwe kwa shoka na kabari, kufuata nyuzi za mti, ili zisikatike. Vipande vichongwe, kisha vikaushwe kivulini penye hewa. Katika ukungu wa milima ya Usambara kazi hii huhitaji subira. Kuviweka karibu na jiko la shule huiharakisha. Kila wiki wanafunzi wavipime na kuandika uzito. Uzito ukikoma kupungua, miguu imekauka.

Ndipo gogo bichi lipasuliwe liwe kikalio chenye unene wa sentimita 6, kisicho na kiini cha mti, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Matundu matatu yatobolewe kwa mshazari, na ndimi za miguu zipigiliwe humo.

Sasa mwalimu aulize: kwa nini kikalio kibichi na miguu mikavu? Mti huanza kunywea unyevu wake ushukapo chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu. Kikalio kitanywea na kuubana mguu, ambao wenyewe umekwisha kunywea. Hata hivyo, mti hunywea zaidi kwa upana, na kidogo mno kwa urefu wa nyuzi. Kwa hiyo kabari ya ulimi sharti ikingame na nyuzi za kikalio, isije ikakipasua.

Twashauri kigoda kingine kitengenezwe makusudi kwa miguu mibichi. Baada ya miezi michache vyote viwili vitikiswe mbele ya darasa, na wanafunzi waeleze tofauti kabla mwalimu hajasema neno.