Mwanajeshi ana mshahara, wa nini kumchangia?

Mwaka jana, Shaaban ikielekea ukingoni, tulikaa barazani baada ya swala ya Isha kupanga orodha ya nyumba za mtaani zitakazopelekewa chakula cha Ramadhani. Mchele, unga, mafuta, sukari na tende. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu. Tulipofika kwenye jina la mama mmoja mwenye watoto watatu, mzee wetu mmoja akainua mkono.

"Huyo mtoe, mwanangu. Mumewe ni mwanajeshi. Ana mshahara wa serikali, wa nini kumchangia?"

Hakuna aliyembishia. Nikalipiga jina mstari, tukaendelea na mengine.

Idi ilipopita ndipo mke wangu aliponieleza hali ya nyumba ile. Mume alikuwa mpakani kwa miezi kadhaa. Sehemu kubwa ya mshahara wake ilikuwa ikikatwa kulipia mkopo aliouchukua mamake alipofanyiwa upasuaji. Kijana wao wa kidato cha pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mama mwenyewe alikuwa ameyaacha masomo yake ya ualimu wa chekechea akiwa amebakisha muhula mmoja tu. Hakumwambia mtu. Mke wa mwanajeshi akilalamika, jibu la mtaa ni kuwa alijua alikoolewa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza watu juu ya jambo hili: je, mwanajeshi aliye kazini na watu wa nyumbani kwake wanafaa kusaidiwa na wahisani, hasa katika elimu? Na kama wanafaa, wasaidiwe vipi?

Mshahara upo, lakini

Mzee wetu hakukosea yote. Mwanajeshi wa Kenya hulipwa na serikali, hupata matibabu, na wengine hupata nyumba za kambini. Ipo Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi kule Nairobi. Zipo shule za Moi Forces Academy, Nairobi na Lanet, zilizoanzishwa kwa kuwafikiria watoto wa wanajeshi ingawa zinasomesha na watoto wa raia. Upo Ulinzi Sacco wa kuweka akiba na kukopa. Vyakula vya kambini, viatu na silaha ni jukumu la serikali, na sadaka isije ikageuzwa kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake.

Pengo liko kwingine. Kwanza, familia inayohesabiwa na ofisi si familia inayohesabiwa nyumbani. Ofisi humjua mke na watoto. Nyumbani kuna mama mzazi, baba asiye na kazi, ndugu wadogo wanaosoma na mpwa aliyefiwa na wazazi. Kijana akishaingia jeshini, wote hao humtazama yeye. Mshahara mmoja hugawanywa nyumba tatu.

Pili, kazi yenyewe huvunja masomo. Leo mume yuko Mtongwe au Nyali, kesho ahamishiwe Nanyuki au Gilgil. Mke akimfuata huacha biashara au chuo alichoanza, na watoto hubadilisha shule. Asipomfuata hulea peke yake. Tangu Oktoba 2011, majeshi yetu yalipoingia Somalia, na tangu 2015 ilipoanza operesheni ya msitu wa Boni, ziko nyumba nyingi ambazo watoto humjua baba zaidi kwa sauti ya simu. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, jamaa wengi walishinda na kukesha na simu mkononi bila kujua kama mtu wao yu hai. Nyumba iliyopitia usiku kama ule haiponi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Tatu ni elimu ya mwanajeshi mwenyewe. Vijana wa kawaida huandikishwa wakiwa na miaka 18 hadi 26, wengi wao wakiwa na cheti cha kidato cha nne. Wengi wao hustaafu bado wana nguvu, na hapo ndipo wanapoulizwa: una diploma gani, unajua kazi gani ya uraiani? Anayetaka kujiendeleza angali kazini lazima asome kwa vipande, kati ya uhamisho na uhamisho, na mara nyingi kwa pesa zilezile za mshahara uliokwisha gawanywa.

Wenzetu walianzaje

Nchi nyingine ziliyaona mapengo haya zamani. Mwaka 1885 Uingereza ilipeleka majeshi Misri. Wake na watoto walioachwa nyuma hawakuwa na mtu wa kuwatazama. Afisa mmoja, James Gildea, akaandika barua katika gazeti la The Times akiomba fedha na watu wa kujitolea kuziangalia familia hizo. Kutokana na barua ile likazaliwa shirika la SSAFA, ambalo mpaka leo linafanya kazi hiyo. Ukitazama, Gildea hakuomba pesa tu. Aliomba watu wa kubisha hodi na kuuliza hali.

Marekani walianzisha mfuko wao wa jeshi la nchi kavu, Army Emergency Relief, mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Mtunzi wa nyimbo Irving Berlin alitayarisha mchezo wa jukwaani ulioigizwa na wanajeshi wenyewe, na mapato yake, mamilioni ya dola, yakaingia kwenye mfuko huo. Mfuko upo hadi leo, na sehemu ya fedha zake huchangwa na wanajeshi wenyewe kila mwaka. Mwanajeshi aliyepatwa na dharura, kama vile gari limeharibika au amefiwa mbali, hupewa ruzuku au mkopo. Watoto na wake za wanajeshi hupewa misaada ya masomo.

Na mkopo huo hauna riba. Niliposoma hapo nilitikisa kichwa. Sisi ndio wenye jina lake: qardhi hasan. Tunaisikia kwenye hotuba za Ijumaa, kisha jirani akikwama tunamwacha aende akakope kwenye simu, alipe na ziada.

Hapa Kenya ipo jumuiya ya wake wa wanajeshi, inayojulikana kwa kifupi MWAK, ambayo hushughulikia mambo ya wajane na ya akina mama walio kambini. Lakini mke anayeishi uraiani, kwenye chumba cha kupanga huku mtaani kwetu, jirani yake wa kwanza ni mimi na wewe.

Sayyidna Umar na mlango wa mwanamke

Tunao mfano mkongwe kuliko huo wa Waingereza. Inasimuliwa kuwa Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akizunguka usiku katika mitaa ya Madina akamsikia mwanamke ndani ya nyumba akilalamikia upweke. Mumewe alikuwa vitani. Umar akamwendea bintiye, Bi Hafsa, akamuuliza mwanamke aweza kumsubiri mumewe kwa muda gani. Wapokezi wanatofautiana, wako wanaosema alijibu miezi minne, na wako wanaosema sita. Umar akaamuru wanajeshi wasizuiliwe vitani kupita muda huo.

Sasa kumbuka kuwa ni Umar huyuhuyu aliyeanzisha diwani, daftari la majina ya wapiganaji na mafungu yao. Yaani mume wa yule mwanamke, kwa lugha yetu ya leo, alikuwa na mshahara wa serikali. Umar angeweza kusema kama tulivyosema sisi barazani: ana fungu lake, anataka nini tena? Hakusema hivyo. Alijua kuwa fungu hulipa chakula, lakini halikai na mtoto anayeumwa usiku wala halimfundishi hesabu.

Sisi Wapwani tunapaswa kulielewa hili upesi zaidi. Wazee wetu walikuwa mabaharia. Jahazi likiondoka na upepo, mke alibaki mtaani na mtaa ulimjua. Aliletewa samaki, mtoto wake alipelekwa chuoni na watoto wengine, na hakuna aliyesema nahodha anamlipa mumewe. Mwenye safari alikuwa na haki yake.

Kuhusu zaka, tuwe waangalifu. Makundi ya wanaostahiki yametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na kuwa mwanajeshi pekee hakumtii mtu humo. Akiwa ni fakiri, au amezidiwa na deni asiloweza kulilipa, hapo pana mlango, na wa kuuliza ni sheikh wako au kadhi. Sadaka na wakfu ni pana zaidi.

Dukuduku letu

Najua yuko msomaji ambaye moyo wake umekaza hadi hapa. Pwani tuna majeraha. Wako vijana waliochukuliwa na hawakuonekana tena. Wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, na wakazi wa pembezoni mwa Boni wanajua operesheni ni nini. Simwombi mtu asahau. Anayedai haki na aidai, mahakamani na kwenye tume za haki za binadamu, na asinyamaze.

Lakini mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hakutia saini amri yoyote. Tena tusisahau jambo jingine. Kila mwaka wa kuandikisha makurutu tunalalamika kuwa vijana wa Pwani hawapewi nafasi. Wachache wakipata, wa Likoni, Kwale, Kilifi na Lamu, siku wanapovaa sare tunaacha kuwahesabu kuwa wetu. Tunataka jeshi liwe na watu wanaotujua, kisha tunawakatia kamba wenyewe.

Tusaidie vipi

Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuuliza wenye uzoefu wa mifuko ya misikiti na vyama.

Usimpe mwanajeshi pesa mkononi kwa sababu ya sare yake. Sheria za maadili ya watumishi wa umma zinaweka mipaka juu ya zawadi, na nia yako njema yaweza kuonekana hongo. Karo na ipelekwe kwenye akaunti ya shule au chuo, na risiti irudi kwa kamati.

Usitangaze. Usipige picha ya mama na gunia la unga ukaandika mtandaoni "mke wa mwanajeshi", wala usitaje mumewe yuko kambi gani. Hilo linamvunjia heshima, na katika nchi yenye hali ya usalama kama yetu linaweza kumhatarisha.

Toa qardhi hasan, na iandikwe. Deni kuandikwa ni agizo la Qur'ani, wala si dalili ya kutoaminiana. Watu wengi wenye mshahara hawataki sadaka, wanachotaka ni nafasi ya kupumua. Shilingi elfu ishirini bila riba, zinazolipwa kidogo kidogo, humwokoa mtu na deni la elfu arobaini.

Fikiria wakfu wa elimu. Tume ya Wakfu ya Kenya iko hapahapa Mombasa. Chumba kimoja cha duka, kodi yake ikiwekewa sharti la kusomesha, chaweza kulipia watoto miaka na miaka. Sharti lisiwe la watoto wa wanajeshi peke yao, bali la mayatima, mafakiri, na watoto ambao mlezi wao yuko safarini kwa kazi, awe baharia, awe Ughaibuni au awe mpakani. Hapo hakuna atakayesema umependelea.

Kamati ikianza kukusanya pesa nyingi, ijisajili. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma imeanza kutumika tangu Mei 2024. Mweka hazina mmoja mwenye daftari moja mfukoni hatoshi, hata awe mcha Mungu namna gani.

Orodha ya mwaka huu

Mimi na mke wangu tulikwenda kumwomba radhi yule mama. Alitukaribisha, akatutilia chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Tulipomuuliza kama tumwandike kwa chakula cha Ramadhani, alikataa kwa upole.

"Chakula tunajikimu, kaka. Kama mnataka kunisaidia, nisaidieni nimalize chuo. Nami nitalipa."

Chama chetu kilimkopesha karo ya muhula uliobaki na ada ya mtihani, ikalipwa moja kwa moja chuoni. Anarudisha shilingi elfu mbili kila mwezi, na hajaruka mwezi hata mmoja. Karo ya yule kijana wa kidato cha pili ilitolewa na mtu wa msikitini ambaye hakutaka jina lake lijulikane.

Shaaban ya mwaka huu tulikaa tena barazani na ile orodha. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Tulipofika mwisho, yule mzee wetu akanigeukia.

"Na yule wa mwanajeshi, mwanangu," akasema, "mtihani wake alipita?"

Nikamwambia alipita.