MIKUNJO YA TITI LA BANDIA: CHANZO, TIBA NA HAKI YA MFANYAKAZI

Mama wa Busia au Tororo akikatwa titi kwa sababu ya saratani hupoteza kiungo, lakini hapotezi haki yake kazini. Wako wanaorudishiwa umbo kwa mfuko wa silikoni unaowekwa ndani ya kifua, kazi iliyofanywa mara ya kwanza Houston, Marekani, mwaka 1962. Baadaye baadhi yao huona mikunjo kama mawimbi, hasa wanapoinama, na hunyamaza kwa haya.

Chanzo chake ni nini? Kwanza, ngozi iliyobaki baada ya upasuaji ni nyembamba, haifichi kitu. Pili, mfuko wa maji ya chumvi hukunjamana kuliko ule wenye silikoni nzito ndani, hasa usipojaa sawasawa au ukivuja. Tatu, mfuko uliowekwa juu ya msuli wa kifua haupati kifuniko cha kutosha. Kukonda nako huzidisha.

Tiba ipo. Daktari wa upasuaji huweza kubadili mfuko, kuuhamishia chini ya msuli, au kuchukua mafuta ya tumbo au paja na kuyadunga chini ya ngozi ili inenepe. Sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili, kwa hiyo kazi huenda ikarudiwa. Mikunjo pekee kwa kawaida si hatari. Lakini uvimbe, wekundu, homa au titi kubadilika ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya kupasuliwa, mgonjwa hukatazwa kwa muda kunyanyua mizigo. Hapo mpaka huonekana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mgonjwa aliyetumikia miezi 2 mfululizo siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, kwa uchache. Sheria ya Uganda ya 2006 humpa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Akina mama wawili, ugonjwa mmoja, barabara moja kati yao, lakini mkate si sawa.

Kwa hiyo, mwanachama, pata cheti cha daktari na umwone mwakilishi wako kabla ya kulazwa. Nasi katika mapatano na waajiri tudai siku zaidi. Ugonjwa haujui mpaka, na umoja wetu usiujue.