Koltani ya Masisi na siri ya injini za ndege kuhimili moto

Kibabi, kwenye milima ya Masisi mkoani Kivu Kaskazini, ni moja ya maeneo ambako wachimbaji wadogo huchimba koltani kwa sururu na beleshi, huiosha kwa maji na kubeba mifuko mgongoni. Wengi wanajua kwamba madini hayo huenda kwenye simu. Wachache wanajua kuwa sehemu ya koltani inayochimbwa duniani huishia ndani ya injini za ndege.

Koltani hutoa tantali, metali inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 3,017 za Selsiasi. Viwanda huichanganya na nikeli kutengeneza mapanga ya turbini.

Kwa nini nikeli pekee haitoshi?

Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455, ilhali gesi inayoingia kwenye turbini ya injini ya kisasa huzidi 1,500. Mapanga huokolewa na hewa ya kupoza inayopitishwa ndani yake, lakini bado hubaki na joto kali huku yakizunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Katika hali hiyo, metali ya kawaida hurefuka kidogo kidogo hata kama mzigo hauongezeki, na mwishowe hukatika. Joto pia huharakisha kutu. Ndiyo maana nikeli hutiwa alumini na kromi, ambazo hufanya utando mwembamba wa kuzuia kutu, pamoja na tantali, inayoimarisha aloi isirefuke upesi. Aloi moja maarufu, CMSX-4, ina takriban asilimia 6.5 ya tantali.

Nani anafaidika?

Ni vigumu kusema panga fulani limetokana na koltani ya Kibabi, kwani madini ya mashimo mengi huchanganywa njiani. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 kuyataka makampuni yaeleze asili ya madini hayo. Ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Januari 2021. Hata hivyo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti Desemba 2024 kwamba waasi wa M23 walikuwa wakikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya Rubaya, huko huko Masisi.

Mapanga ya injini hukaguliwa mara kwa mara kwa kamera ndogo, ufa usije ukaua abiria. Shimo analoingia mchimbaji, mara nyingi, halina mkaguzi.