Kusoma kwa ajili ya tesiti ya kazi wakati nyumba nzima inakungojea

Wiki iliyopita mdogo mmoja wa promosio iliyotufuata aliniandikia hivi: "Yaya, wameniita kwa tesiti, lakini huku nyumbani hawaniachi nisome. Weye ulifanyaka namna gani?" Nilianza kumjibu kwa telefoni, jibu likawa refu, basi nalileta hapa.

Niseme ukweli kwanza: mara ya kwanza nilianguka. Ilikuwa tesiti ya kuandika ya shirika moja lililotafuta waagronomu wa kufuatilia mashamba ya mbegu. Mimi nimeolewa, mtoto wetu alikuwa na miaka miwili, na tunaishi parsele moja na mama mkwe, upande wa Kabare, si mbali na Bukavu. Nilikuwa na wiki tano za kujitayarisha. Sikumwambia mtu isipokuwa bwana yangu, na yeye nikamkataza kusema. Nilikuwa na haya. Niliwaza kama nikishindwa, ni afadhali wasijue kama nilijaribu.

Basi nikawa ninasoma usiku, kwa siri. Saa nne, nyumba ikishalala, ninafungua sillabusi. Umeme ukikatika, naendelea na tochi ya telefoni. Saa kumi na moja asubuhi bidoni za maji zinaningoja. Mchana ninasinzia mbele ya sufuria ya sombe. Mama mkwe aliona mambo mawili tu: mke wa mtoto wake anachelewa kuamka, na makala inaisha juu ya chakula kinachoungua. Siku moja akaniuliza, hata bila hasira: "Weye mutoto, ile makaratasi inakulisha? Diploma si ulishapata?" Sikujibu. Kumbe yeye hakuwa na kosa. Nilitaka anipe nafasi kwa kitu ambacho sikumwambia kama kipo.

Siku ya tesiti, swali la kwanza la hesabu: maharagi, mistari inaachana sentimita 40, shimo na shimo sentimita 20, mbegu mbili kwa kila shimo, mbegu 1,000 zina uzito wa gramu 400. Kwa hekta moja unahitaji kilo ngapi? Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma pengine mara sita. Nilikumbuka hata rangi ya biki niliyopigia mstari. Hesabu yenyewe haikuja.

Baadaye nilielewa sababu. Kusoma ukurasa uleule mara nyingi kunakufanya uuzoee kwa macho, nawe unafikiri kama unaujua. Mtihani haukuulizi kama umeuona. Unakutaka utoe jibu kichwani mwako bila karatasi, na hilo unaliweza kama ulishajizoeza kulitoa. Tena, jambo la leo linapotea haraka sana siku za kwanza, kisha polepole. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na akaandika hayo mwaka 1885. Ndiyo maana dakika kumi leo, kumi kesho kutwa, na kumi wiki ijayo zinashinda usiku mmoja mzima. Na ukikata usingizi, unakata saa zenyewe ambazo bongo inapangia yale uliyosoma.

Sasa angalieni vizuri: dakika kumi kumi njo kitu ambacho nyumba inaweza kukupa! Masaa manne mfululizo haina. Mtu wa nyumbani akifuata mbinu za yule anayeishi peke yake kwenye homu ya kampuse, atachoka bure.

Mara ya pili nilipoitwa, ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa kupanda msimu B. Vibaya kabisa. Jioni ileile nilikaa na mama mkwe jikoni nikamwambia yote, pamoja na kule kuanguka kwangu. Sikumuomba "nafasi ya kusoma", kwani hilo halina mwisho na linatisha. Nilimwambia siku yenyewe ya tesiti, kama ni wiki nne, kama ninahitaji Jumanne na Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi, na kama nikimaliza, kupalilia kote ni juu yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ni ile ilikuwa inakulaza mbele ya sombe?" Tukacheka. Bwana yangu akachukua mtoto na maji ya Jumamosi. Majirani walisema neno kumwona na bidoni. Yalipita.

Meza ile ya mara mbili kwa wiki niliitunza kwa hesabu tu, kwani hesabu inataka karatasi na kimya. Mengine yote nilikata fishi ndogo katika kaye la zamani: swali mbele, jibu nyuma. Fishi tano mfukoni kila asubuhi. Ninafua, ninajiuliza: dalili za mnyauko wa migomba ni zipi? Ninajibu kwa sauti, kisha ninapangusa mikono na kugeuza fishi. Niliyokosa inabaki mfukoni mpaka kesho, niliyopata inarudi baada ya siku nne. Mtoto alizoea mama anayesema peke yake.

Kitu ambacho sikukitazamia ni kwamba wengine wakaanza kuingia. Ule mnyauko, unaojulikana Kivu tangu mwaka 2001, ulikuwa umeingia hata kwenye migomba yetu. Siku moja ninajisemea: majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukiikata unaona madoa ya kahawia ndani, ugonjwa unabebwa na wadudu wa maua na panga ambalo halikusafishwa. Mama mkwe akasimama. "Panga?" Alikuwa anakata kwa panga moja, mgomba hadi mgomba. Nikamweleza: ua la dume linaondolewa kwa mti wenye panda, si kwa chuma, na panga linapitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Aliniuliza maswali ambayo asistanti yeyote hakuniuliza, na kila jibu lililonishinda nikarudi kulitafuta usiku ule.

Hata ile hesabu ya maharagi tuliifanya shambani. Shimo moja linachukua mita za mraba 0.08, basi hekta ina mashimo 125,000, mbegu 250,000, kilo 100. Kwa ari zetu kumi, kilo kumi. Mama mkwe akakataa: "Mimi naweka zaidi. Zote haziotake." Nilitaka kubishana, kumbe hapo njo nilikumbuka kama nilisahau kiwango cha kuota! Kama ni 80 kwa 100, unagawanya: kilo 12 na nusu. Tesiti ya pili ilikuwa na swali la namna hiyo, na nililifanya nikiona sura yake.

Musifikiri yote yalienda sawa. Wiki ya tatu mtoto alishikwa na homa siku tatu, kisha kukawa kilio kwa ujomba, siku mbili tena. Jumanne moja na Jumamosi moja zikafa. Mara ya kwanza ningezilipa usiku. Sasa nilichagua kuacha sura nzima ya ufugaji, juu haikuwa na uzito mkubwa katika kazi waliyotangaza, nikalala. Swali moja la mifugo lilitoka, nikalikosa. Ni bei niliyokubali.

Na wandugu wanaume, ambao kwenu ni kilio, michango na wageni wa baba kila Jumapili, habari ni ileile: sema tarehe, sema saa, sema mwisho wake.

Nilipita maandishi. Kwenye mahojiano walichukua wawili, mimi nikawa wa tatu, jina langu liko kwenye akiba. Ilinuma, siwezi kuficha. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama mkwe kama ilivyo. Alinisogezea kiti, akaendelea kuchambua lenga-lenga, kisha akauliza: "Na ile ingine ni mwezi gani? Nijue kama tutapanda mbele ao nyuma yake."