James MacMillan na Maombolezo ya Mwanamke Aliyeitwa Mchawi

Muziki usio na maneno waweza kuwatetea watu waliohukumiwa bila haki? Swali hili limo katika kazi iliyomtangaza James MacMillan, mtunzi wa Uskoti. Alizaliwa mwaka 1959 huko Kilwinning, akakulia Cumnock, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Alisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha Durham, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1987.

Tarehe 22 Agosti 1990, Okestra ya BBC ya Uskoti ilipiga mjini London kazi yake iitwayo Ungamo la Isobel Gowdie. Huyo Isobel alikuwa mwanamke wa kijiji cha Auldearn, aliyekiri mara nne mwaka 1662 kwamba ni mchawi. Sheria ya Uskoti dhidi ya uchawi ilidumu tangu mwaka 1563 hadi 1736. Katika kipindi hicho watu wapatao 4,000 walishtakiwa, wengi wao wanawake. Washtakiwa wengi walinyimwa usingizi mpaka wakiri. Waliohukumiwa kufa kwa kawaida walinyongwa, kisha maiti zao zikachomwa moto. Hakuna hati inayoonyesha mwisho wa Isobel. MacMillan aliamini kwamba aliuawa, na aliitunga kazi hii iwe misa ya wafu ambayo mwanamke huyo hakupata.

Kazi hiyo huchukua dakika zipatazo ishirini na tano, nayo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya polepole: vyombo vya nyuzi vinaomboleza, na ndani yake zimefumwa sauti za wimbo wa Kigregori wa misa ya wafu pamoja na za wimbo wa kale wa Kiskoti. Hivyo sala ya Kanisa na uimbaji wa wanakijiji vinakutana katika kilio kimoja. Sehemu ya pili ni ya ghasia. Okestra nzima inapiga kwa nguvu mapigo kumi na matatu yanayofanana, kama umati unaomshambulia mtu mmoja. Katika ya tatu maombolezo yanarudi, hata vyombo vyote vinakusanyika katika noti moja tu, ambayo inakua na kukua mpaka ukumbi unajaa, kisha kimya.

Yafaa kutambua kwamba mtunzi haamui kesi upya, wala hawataji mahakimu. Anamweka msikilizaji kwanza upande wa wafiwa, kisha katikati ya umati, ili aonje jinsi ilivyo rahisi kuungana na wapigao. Noti ya mwisho ni ya wote: hakuna chombo kinachobaki nje.

Baadaye MacMillan, ambaye ni Mkatoliki, alitunga kazi nyingi za dini, zikiwemo Veni, Veni, Emmanuel ya mwaka 1992 na Mateso kwa Yohane ya mwaka 2008. Wimbo wake mwingine uliimbwa katika mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2022. Mwaka huohuo, tarehe 8 Machi, kiongozi wa serikali ya Uskoti aliomba radhi rasmi kwa wote walioteswa chini ya sheria ile. Muziki ulikuwa umetangulia kwa zaidi ya miaka thelathini.